Jina Kabla ya Pesa

Pesa ikienda kwa namba isiyo yake, lawama huanza kutafuta mtu. Aliyetuma hujilaumu kwa haraka yake. Wakala humwambia angesoma vizuri. Nyumbani wanamkumbusha kwamba walishamwambia siku nyingi avae miwani. Ni nadra mtu kuuliza kama menyu yenyewe ilimpa nafasi ya kugundua kwamba tarakimu mbili zimebadilishana mahali. Swali hilo ndilo la sura hii. Mtu mmoja akikosea mara moja, tunaweza kuiita bahati mbaya. Maelfu ya watu wakikosea palepale, kwa namna ileile, basi hapo mahali pamejengwa vibaya, na aliyepajenga ana kazi ya kurudi kupatengeneza.

Mwanasaikolojia wa Marekani Donald Norman alilitetea wazo hili katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu vitu vya kila siku: milango, majiko, mabomba ya maji, simu za ofisini. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Kitu kizuri humwonyesha mtu kinachowezekana kufanywa, na akishafanya humwambia kilichotokea. Mlango unaosukumwa usiwekewe kishikio cha kuvuta. Ukimkuta mtu mzima, mwenye akili zake, anavuta mlango wa kusukuma, uchunguze mlango kabla hujamcheka mtu.

Watu wengi wanaposikia habari za usanifu wa mifumo hufikiria rangi, picha na programu za simu janja. Mimi naona kipimo kikali zaidi kiko kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe ambayo Kenya walizoea kuiita mulika mwizi. Humo hakuna picha wala rangi za kuficha udhaifu. Kuna maneno machache na tarakimu, na upande wa pili kuna ada ya mtoto au dawa ya mgonjwa inayosubiri kufika.

Tuanze na vitufe vyenyewe. 1, 2, 3 juu. Sifuri chini katikati. Nyota upande mmoja, reli upande mwingine. Mpangilio huo ulitafutwa kwa bidii. Mwishoni mwa miaka ya 1950 maabara ya Bell Labs huko Marekani ilitaka kuachana na simu ya kuzungusha kidole, na kazi ya kuchunguza namna watu wanavyotumia simu ilikuwa mikononi mwa kikundi cha John Karlin, mwanasaikolojia aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1918, akasoma Cape Town na Chicago, kisha akajiunga na maabara hiyo mwaka 1945. Wahandisi wangeweza kukaa mezani wakachagua mpangilio unaowapendeza. Badala yake watu wa kawaida waliletewa vitufe vilivyopangwa kwa duara, kwa safu mbili za mlalo, kwa safu za wima, kwa mraba, wakapewa namba za kupiga. Wachunguzi walipima muda waliotumia na makosa waliyofanya. Walipima hata kitufe kinapaswa kuwa kigumu kiasi gani na kizame kiasi gani kinapobonyezwa, ili kidole kijue kwamba kimebonyeza.

Tarehe 18 Novemba 1963 simu ya vitufe ikaanza kutolewa kwa wateja katika miji ya Carnegie na Greensburg, Pennsylvania. Ilikuwa na vitufe kumi tu. Nyota na reli viliongezwa mwaka 1968 kwa ajili ya matumizi ya baadaye, simu ikija kuzungumza na kompyuta. Leo mama lishe wa Tandale anabonyeza nyota 150 nyota 00 reli bila kutazama, na vitufe hivyo viwili ndivyo vinavyomfungulia menyu ya pesa. Ninamweka Karlin mwanzoni mwa sura kwa sababu moja: kabla ya kubishana ni mpangilio upi mzuri, aliwatazama watu wakiutumia.

Sasa pesa yenyewe. M-Pesa ilianza kujaribiwa Kenya mwezi Oktoba 2005, ikiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa wakopaji warejeshe mikopo yao kwa simu. Wateja mia kadhaa wa Nairobi na Thika walipewa simu na mafunzo. Kisha wakafanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Walitumiana pesa wao kwa wao. Wenye biashara walilipana. Wengine waliweka pesa kwenye simu kabla ya safari na kuitoa walikofika, ili wasitembee na noti mfukoni. Marejesho ya mikopo, yaliyokuwa sababu ya kuanza, yakawa upande ulioleta usumbufu mwingi zaidi.

Hapo ndipo uamuzi mgumu wa usanifu ulipofanyika, na ulifanyika kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye simu. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando. Kilichobaki mbele kilikuwa kumtumia mtu wa nyumbani pesa. Nimewaona wasanifu wengi wazuri wakishindwa hapa. Wanaona watu wanatumia mfumo kwa namna ambayo hawakuitarajia, wanaita hiyo matumizi mabaya, wanaongeza maelekezo. Waliojaribu M-Pesa waliwaacha watu wawaonyeshe kazi halisi ya kitu kile.

Kenya menyu iliwekwa ndani ya laini yenyewe. Tanzania, ilikoingia mwaka 2008, ilitumia njia ya USSD, ile ya kubonyeza nyota na reli. Tofauti inaonekana ndogo hadi uishi nayo. Menyu ya kwenye laini inakaa ndani ya simu na inakusubiri. Menyu ya USSD ni kikao kinachoendeshwa na mtandao: kila ukurasa una nafasi ya herufi 182 tu, na ukichelewa kujibu kikao kinakatika, unaanza upya. Hizo herufi 182 zinabeba kichwa cha habari, orodha, na namna ya kurudi nyuma. Anayeandika menyu ya namna hiyo anajifunza kwamba kila neno linalipiwa. Akiweka salamu, anaondoa mstari wa onyo. Akijaza orodha ya bidhaa mpya za kampuni juu ya "Tuma pesa", amemhamisha mteja wa kila siku kwenda ukurasa wa pili, na vidole vilivyozoea kubonyeza 1 vitaingia kwenye jambo jingine. Ndiyo maana nasisitiza namba za menyu zisihamishwe ovyo. Wapo wazee wasiosoma maandishi kabisa. Wamekariri mfuatano wa tarakimu, na wakibadilishiwa mpangilio ni sawa na kufungiwa akaunti.

Mpangilio wa hatua una nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mashine za benki za kutolea pesa zinalithibitisha hilo. Nyingi za zamani zilitoa noti kwanza, kisha kadi. Watu waliondoka na noti na kuacha kadi, kwa sababu walichokuja kukifuata walikuwa wameshakipata. Mabango ya kuwakumbusha hayakutosha. Benki nyingi zikageuza mpangilio: kadi kwanza, noti baadaye. Mtu yuleyule, akili ileile, na usahaulifu ukapungua. Hakuna aliyefundishwa chochote.

Kwenye kutuma pesa kwa simu, hatua inayobeba kila kitu ni ile kabla ya kitendo kisichorudi nyuma. Kwa miaka kadhaa mtumaji wa Kenya aliandika namba, kiasi, namba ya siri, kisha akaonyeshwa namba na kiasi athibitishe. Kwa macho ya mhandisi, uthibitisho upo. Kwa macho ya mtumaji, haupo. Aliyeandika 0712 badala ya 0721 anaonyeshwa 0712 na anaisoma kama 0721, kwa sababu hiyo ndiyo iliyo kichwani mwake. Kumwonyesha mtu kosa lake kwa sura ileile aliyoliandikia hakumsaidii kuliona. Anahitaji kuliona kwa sura nyingine. Namba inageuka jina.

Mwaka 2015 Safaricom ilileta Hakikisha, inayoonyesha jina la mwenye namba kabla pesa haijaondoka. Katika umbo lake la mwanzo jina lilitokea kwa sekunde chache, na mtumaji aliyetaka kusitisha alitakiwa abonyeze herufi au tarakimu yoyote. Akinyamaza, pesa inaondoka. Kuonyesha jina naliona kuwa miongoni mwa maamuzi bora kabisa ya usanifu yaliyofanywa katika ukanda huu, na nalisema bila kusita. Kuhesabu ukimya kuwa ridhaa ni jambo ninalolipinga. Aliyenyamaza huenda anasoma polepole. Huenda kondakta anamdai nauli, au mtoto amemshika kanga. Menyu zinazosema unamtumia fulani shilingi kadhaa, bonyeza 1 kukubali au 2 kusitisha, zinaongeza kitufe kimoja, na kitufe hicho kimoja kina thamani. Mtumaji amesimama, amesoma, ameamua.

Watakuja wanaosema kila hatua ya ziada inapunguza miamala. Ni kweli, na kwa mambo mengi mimi niko upande wao. Kuangalia salio kusiwe na maswali. Kununua vocha ya simu yako mwenyewe kuwe kwepesi. Ugumu uwekwe pale tu ambapo kosa halirudishiki, na hapo uwekwe kwa makusudi. Mfumo unaouliza "Una uhakika?" kwa kila jambo unawafundisha watu kujibu ndiyo bila kusoma, na siku swali hilo litakapokuwa na maana halitasomwa.

Kurudisha nyuma nako kuna daraja zake. Kenya mtumaji anaweza kuipeleka meseji ya muamala kwenda 456 kuomba pesa irudishwe. Hilo ni jambo kubwa kwa aliyezoea kusubiri huduma kwa wateja huku muziki ukilia sikioni. Hata hivyo pesa ikishatolewa na aliyeipokea, ombi linageuka kuwa mazungumzo kati ya watu wawili wasiojuana. Ndiyo maana nguvu kubwa iwekwe kabla ya kutuma.

Na matapeli wanasoma usanifu kwa makini kuliko wasanifu. Tanzania kila mwenye simu ameshapokea ile meseji ya kumwambia "ile hela" aitume kwa namba hii. Inalenga mtu ambaye kweli alikuwa akisubiriwa atume pesa: mpangaji anayedaiwa kodi, kaka aliyeahidi mchango wa harusi. Jina lilipoanza kuonekana kabla ya kutuma, meseji hizo ziliongezewa mstari: jina litatokea la fulani. Tazama walichokifanya. Kinga yote ilitegemea mshangao wa kuona jina geni, nao wakauondoa mshangao mapema. Kwa msanifu hili ni darasa zima. Kuonyesha ukweli ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpa mtu kitu cha kulinganisha na ukweli huo. Menyu inaweza kumwambia kwamba hajawahi kutuma pesa kwa namba hii. Taarifa hiyo mfumo unayo tayari, inaingia ndani ya herufi 182, na tapeli hawezi kuitolea maelezo kirahisi kwa mtu anayemlipa mwenye nyumba wake kila mwezi.

Hadi hapa nimezungumzia kabla ya kitendo. Baada yake kuna deni jingine: kumwambia mtu kilichotokea kweli. Mfano mzito zaidi ninaoujua hautoki kwenye simu. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama wazi. Kwenye meza ya waendeshaji taa ilizimika, wakaelewa kwamba vali imefungwa. Taa ile ilikuwa imeunganishwa na umeme unaoiamuru vali ifunguke au ifunge. Yenyewe haikujua kama vali imetii. Maji ya kupozea yaliendelea kupotea kwa zaidi ya saa mbili, na karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Norman alikuwa miongoni mwa walioitwa baadaye kuchunguza kwa nini waendeshaji walikosea. Alitoka na jibu kwamba chumba kile kilisanifiwa kana kwamba kilikusudiwa kuzalisha makosa.

Taa iliyosema amri imetolewa, ikasomwa kwamba kazi imefanyika. Sasa rudi dukani kwa wakala. Mteja ametuma shilingi 50,000, simu inamwambia ombi lake limepokelewa, na meseji ya muamala haiji. Mtandao uko chini. Je, pesa imekwenda? Salio bado ni lile la zamani, au menyu haifunguki. Anatuma tena. Baada ya nusu saa meseji mbili zinaingia kwa pamoja, na laki nzima imeondoka. Baadhi ya mifumo ya malipo imeweka kizuizi: ukirudia kiasi kilekile kwa namba ileile ndani ya dakika chache, inakusimamisha na kukuuliza. Ni kizuizi kizuri. Lakini kosa la asili liko kwenye sentensi ya kwanza. "Ombi lako limepokelewa" ni taarifa ya kweli kuhusu kompyuta, na kwa mteja haijibu swali lake. Anataka kujua atume tena au asubiri. Basi aambiwe hivyo: pesa bado haijafika, usitume tena, utapata meseji. Kuandika sentensi hiyo hakugharimu mtambo mpya. Kunahitaji mwandishi aliyejiuliza mtu huyu, wakati huu, amesimama wapi na ana hofu gani.

Unajuaje alivyosimama? Unakwenda kumtazama. Jakob Nielsen, ambaye orodha yake ya kanuni kumi za usanifu ya mwaka 1994 bado inabandikwa kwenye kuta za ofisi nyingi, alitetea kwa miaka mingi kwamba majaribio na watu watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo ya mfumo, na kwamba ni afadhali ujaribu na watano, urekebishe, ujaribu tena na wengine watano, kuliko kukusanya kundi kubwa mara moja mwishoni. Ushauri huo unazifaa sana timu zisizo na fedha nyingi. Ninachoongeza ni kuhusu namna ya kuuliza, kwa maana vitabu vya ughaibuni vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaolalamika kwa urahisi.

Huku kwetu ukimwonyesha mama wa makamo menyu mpya na kumuuliza, "Mama, umeelewa?" atakuambia ameelewa. Umemjia kwa heshima, umevaa vizuri, pengine umemletea soda; hawezi kukuaibisha. Ukimuuliza anaionaje, atakuambia ni nzuri, mwanangu, Mungu awazidishie. Hujajifunza kitu. Mpe kazi badala ya swali: "Shikamoo mama. Naomba umtumie kijana wako elfu kumi kwa simu hii, mimi nipo tu." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu kidole chake kitakapoelea juu ya kitufe kisicho sahihi mkono wako utataka kumsaidia. Usimsaidie. Pale kidole kinapoelea ndipo pa kuandika kwenye daftari. Akimaliza, usimuulize kwa nini alikosea, maana atachukua lawama yote. Muulize alitarajia nini kitokee. Na mwambie mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba kinachopimwa ni simu, na kila atakapokwama amekusaidia.

Fanya kazi hiyo panapofanyika mambo, kwenye kibanda chenye jua linalofuta maandishi ya skrini, foleni ikiwa nyuma yake. Ofisini kwenye kiyoyozi kila menyu inafanya vizuri.

Ukitazama kwa siku kadhaa utaona jambo ambalo karibu mifumo yote imelikataa kwa jina la usalama. Simu moja hutumiwa na watu wawili. Bibi anamkabidhi mjukuu simu amtumie pesa shangazi. Mzee asiyeona vizuri anamwachia wakala afanye kila kitu, na namba ya siri anaitaja kwa sauti mbele ya foleni. Tunaweza kuendelea kubandika mabango ya kumkataza kutoa namba ya siri, lakini bango hilo halimtumii pesa shangazi. Menyu inamlazimisha achague kati ya siri yake na shida yake, na kila mara shida itashinda.

Ningependa kuona mfumo unaomkubali msaidizi na kumwekea mpaka. Mjukuu aandae muamala wote: namba, kiasi, jina limeonekana. Kisha simu ilie kama inavyolia ikipigiwa, irudi mkononi kwa bibi, na bibi asikie kwa sauti, kwa Kiswahili, kwamba anataka kumtumia fulani shilingi elfu ishirini, kama ni kweli aweke namba yake ya siri. Simu kusoma maneno kwa sauti ya kurekodiwa ni jambo la zamani. Kila tunapopiga huduma kwa wateja tunalisikia. Tarakimu nne atazibonyeza mwenyewe, kwa vitufe ambavyo kidole chake kinavijua hata gizani, maana cha 5 kina kinundu. Mjukuu amesaidia, wakala hajasikia siri, na aliyethibitisha ni mwenye pesa.